Kilevi Huiba Neno la Mtu
Fundisho juu ya lutuku, bangi na vilevi vingine

Siku ya Ubatizo mkatekumeni husimama mbele ya padri na mbele ya Wakristu wote, naye huulizwa kama anamkataa Shetani na matendo yake, tena kama anamsadiki Mungu. Hujibu yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Mjomba wake hawezi kujibu badala yake, wala msimamizi wake wa Ubatizo, wala katekista aliyemfundisha muda wote. Neno hilo ni lake. Mtu mzima ni mtu mwenye neno: akisema ndiyo, ni ndiyo, akisema siyo, ni siyo.

Lakini viko vitu viwezavyo kumnyang'anya mtu neno lake polepole, kama mchwa wanavyokula nguzo ya nyumba. Kwa nje nguzo yaonekana nzima. Siku moja upepo huvuma, na nyumba huanguka. Vitu hivyo ni vilevi: lutuku, bangi, vidonge vya kulevya, kokeni na vinginevyo. Fundisho hili laeleza vilevi hivyo ni nini, hufanya nini ndani ya mtu, ndani ya nyumba na ndani ya kijiji, tena kwa njia gani aliyefungwa navyo aweza kufunguliwa.

I. Kinywaji na kilevi

Mulungwishi iko kando ya barabara kuu itokayo Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi. Malori yaliyobeba shaba na kobalti hupita hapo mchana na usiku. Watu wa sehemu hizo hulima mahindi na mihogo, huchoma makala ya kuuza mjini, na vijana wengi hutafuta riziki katika mashimo ya madini.

Katika nchi hii, kama katika nchi zote, kinywaji kina kazi yake njema. Mgeni hukaribishwa kwa munkoyo. Uji wa mahindi hupikwa, kisha hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, nao huwa mwepesi na mtamu. Ukinywewa ungali mpya, hata mtoto hupewa. Ukiachwa siku kadhaa, huchachuka na kuanza kulevya. Basi wazee walijua tangu zamani kwamba chungu kile kile, siku ya kwanza humburudisha mtoto, na siku ya nne humlegeza mtu mzima. Walijua pia kwamba kila kitu kina kipimo chake. Ulevi huanza pale kipimo kinapotupwa.

II. Lutuku

Lutuku si pombe iliyochachuka tu. Punje za mahindi huloweshwa mpaka zichipuke, hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na maji pamoja na unga wa mahindi au wa mihogo, kisha huachwa zichachuke. Baadaye yote hutiwa katika pipa na kupikwa motoni. Mvuke hupita katika bomba lililozama katika maji baridi, nao hugeuka kuwa matone. Matone hayo ndiyo lutuku. Ukali uliokuwa umetawanyika katika pipa zima sasa umekusanyika katika chupa chache.

Bia ya kiwandani ina karibu sehemu 5 za alkoholi katika kila sehemu 100. Lutuku yaweza kuwa na sehemu 40, pengine na zaidi. Maana yake, anywaye glasi moja ya lutuku ya namna hiyo amekunywa ukali wa glasi nane za bia zilizo sawa na hiyo. Tena hakuna ajuaye ukali wa chupa aliyoinunua, kwa kuwa hakuna aliyeupima.

Hatari nyingine yatoka katika vyombo. Pipa lililowahi kutiwa mafuta au dawa za kiwanda huacha sumu yake katika kinywaji. Tena wako wauzaji wabaya wanaoongeza alkoholi ya kiwandani iitwayo methanoli, ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Methanoli huua mishipa ya macho, kisha humwua mtu mwenyewe. Katika mwezi wa Novemba mwaka 2000, mjini Nairobi, nchini Kenya, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na wengine walipofuka. Basi mtu aliyekunywa, kisha akaanza kuona ukungu machoni, kutapika na kuumwa sana na kichwa au tumbo, asiachwe alale ili pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja. Saa chache zaweza kuokoa macho yake na maisha yake.

Hata lutuku isiyotiwa sumu ina kazi yake mwilini. Ini ndilo linaloondoa alkoholi katika damu, nalo hufanya kazi hiyo polepole: kwa saa moja huondoa karibu alkoholi ya glasi moja ya bia, si zaidi. Maji baridi hayaliharakishi, wala kahawa, wala kuoga. Ini likichoshwa miaka mingi hukauka na kuwa gumu. Tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, na mtu hufa angali kijana. Kansa ya kinywa, ya koo na ya ini huwapata wanywaji kuliko watu wengine. Kifua kikuu nacho huwashika upesi. Mama mwenye mimba anywapo, mtoto aliye tumboni hunywa naye, na ubongo wake waweza kuharibika kabla hajazaliwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu ya alkoholi.

Lakini jambo kubwa la kushika ni hili: alkoholi haianzi na miguu. Huanza kwa kulaza ile sehemu ya akili ipimayo jema na baya. Mtu huanza kupepesuka baadaye. Ndiyo sababu mlevi hujiona mwenye akili kuliko wote wakati ule ule akili yake inapokwenda. Neno lake limekwisha kuibiwa, naye bado yuko wima.

III. Bangi, vidonge na kokeni

Bangi yajulikana katika Kongo tangu zamani, na sheria ya nchi yaikataza. Moshi wake huchafua kumbukumbu, hupotosha hesabu ya wakati, na huondoa bidii ya kazi na ya masomo. Kijana aivutaye kila siku huhatarisha ubongo ambao bado unakua. Baadhi yao husikia sauti zisizokuwapo, huwadhania ndugu zao kuwa adui, na kijiji husema wamerogwa. Hawakurogwa. Ni moshi.

Wako wachimbaji wasemao kwamba lutuku na bangi huwaondolea woga wa kushuka shimoni. Ni kweli, woga huondoka. Lakini woga ni mlinzi ambaye Mungu ameweka ndani ya mtu. Huyo ndiye amwambiaye asiingie pale ambapo udongo umepasuka, wala asikae chini ya jiwe lililolegea. Amfukuzaye mlinzi hajafukuza hatari. Hatari imebaki mahali pake, na nyumba haina mlinzi.

Viko pia vidonge. Tramadoli ni dawa ya maumivu. Mganga huitoa kwa kipimo, na kwa kipimo hicho yasaidia. Imezwapo bila kipimo, yaweza kuleta degedege, na ikichanganywa na pombe yaweza kuzima pumzi. Tena watoto wasio na makao, katika miji mingi, hunusa gundi na esansi ili wasahau njaa na baridi. Njaa haiondoki, bali ubongo wao huharibika.

Kokeni yatoka mbali. Majani ya mti uitwao koka hustawi katika milima ya Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Colombia. Mwaka 1860 mtaalamu Mjerumani, Albert Niemann, alieleza namna alivyoitoa kokeni yenyewe katika majani hayo. Mwaka 1884 mganga Carl Koller wa mji wa Vienna aligundua kwamba tone lake hulifisha jicho ganzi, hata laweza kupasuliwa bila maumivu. Waganga wengi walifurahi, wakaisifu kuwa dawa ya mambo mengi. Haukupita muda mrefu, wakaona wagonjwa wao, na hata waganga wenzao, wamekuwa watumwa wake. Kokeni huuchapa moyo mbio na kuibana mishipa ya damu, hata moyo wa kijana mwenye afya waweza kusimama ghafula. Furaha yake haidumu hata saa moja. Nyuma yake huja huzuni nzito, na kiu ya kuirudia.

Kokeni ni ya bei kubwa, wala si rahisi kuiona kijijini. Lakini yafaa kuijua, kwa maana aivutaye kokeni katika mji mkubwa na anywaye lutuku chini ya mwembe wamefungwa kwa kamba moja. Katika ubongo wa kila mtu Mungu ameweka njia ya furaha. Mtu akila bukari baada ya kulima, akimbeba mtoto wake, akimaliza kazi yake vizuri, njia hiyo hufunguka, naye hufurahi. Furaha ni kama mshahara wa mambo mema. Kilevi huvunja mlango na kutoa mshahara bila kazi. Mwanzoni hutoa mwingi. Baadaye hupunguza, na mtu hulazimika kuongeza kipimo. Mwisho bukari haina ladha tena, mtoto hafurahishi, kazi yachosha. Kimebaki kilevi peke yake, nacho hakileti furaha tena, bali chaondoa mateso kwa muda mfupi tu. Hapo mtu hanywi kwa kuwa ametaka. Hunywa kwa kuwa hawezi kutokunywa.

Kila mara hutokea kilevi kipya. Mwaka 2021, mjini Kinshasa, vijana walionekana wamesimama au wamelala njiani saa nyingi kama sanamu. Walikuwa wametumia unga uitwao bombe, uliotengenezwa kwa kusaga kitu kilichomo katika bomba la moshi la motokari, pamoja na vidonge. Serikali ilitoa amri, na polisi walikamata wauzaji na watumiaji. Kitu kilichowekwa katika motokari ili kisafishe moshi mchafu kilikuwa kimeingia katika miili ya watu.

IV. Mfano wa mchimbaji mmoja

Na utwaliwe mfano wa mtu mmoja. Jina lake halina maana, kwa kuwa wenye kufanana naye ni wengi.

Mtu huyo alikuwa na mke na watoto wanne. Alifika katika mafundisho kila juma, naye aliyajua majibu yote ya katekisimu. Alipoanza kazi ya shimoni, wenzake walimpa glasi moja ya lutuku kabla ya kushuka. Alikubali asije akachekwa. Baada ya miezi michache alikunywa glasi moja kabla ya kushuka, na tatu baada ya kupanda. Jioni alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mkewe alikuwa ameweka fedha katika kopo chini ya kitanda, kwa ajili ya binti yao aliyekuwa katika shule ya sekondari. Siku ya kulipa alifunua kopo, akalikuta tupu.

Akasema, "Baba Yosefu, fedha za mtoto ziko wapi?"

Mumewe akajibu, "Mama Yosefu, nilikopa tu. Kesho nitarudisha."

Kesho hiyo haikufika. Binti alirudishwa nyumbani. Baada yake iliuzwa baiskeli iliyobeba makala, na baada ya baiskeli yakauzwa majembe mawili. Usiku watoto walijifunza kusikiliza hatua za baba yao njiani. Kwa hatua walijua kama wamngoje mezani au wakimbilie kwa nyanya yao.

Siku moja alifika katika mafundisho akinuka lutuku. Wengine walicheka. Katekista hakucheka, wala hakumfukuza. Baada ya somo alimwita kando.

"Mwanangu, pombe imekushika."

"Hapana, Mwalimu. Mimi si mlevi. Naweza kuacha siku yoyote nitakayo."

"Vema, mwanangu. Basi taka leo."

Mtu yule alinyamaza. Alitazama chini muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amelitafuta neno lake ndani ya moyo, asilione.

V. Chungu cha mjane

Watu wakiona mambo hayo, upesi humlaani mama apikaye lutuku. Lakini yafaa kumtazama kwa haki. Mara nyingi ni mjane, au mke aliyeachwa, mwenye watoto wa kulisha. Kiini cha mambo ni cha zamani kuliko pipa lake. Kampuni ya Gécamines, iliyolisha jamaa nyingi za Likasi, ilidhoofika sana katika miaka ya 1990. Na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10,000 wa kampuni hiyo waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Mshahara ulipokwisha, wengi waligeukia mashimo ya wachimbaji wadogo, makala na pombe. Umaskini hufungua mlango wa kilevi. Kilevi nacho huuzidisha umaskini.

Mama huyo akiulizwa, hujibu, "Nisipopika, watoto wangu watakula nini?" Swali lake ni la kweli, wala halijibiwi kwa matusi. Hata hivyo yampasa kujua fedha zake zatoka wapi. Bukari ya watoto wake imenunuliwa kwa bukari ya watoto wa jirani. Kopo lililokuwa tupu chini ya kitanda cha mama Yosefu limemiminwa katika mkoba wake. Kijiji hakikutajirika hata franka moja. Mzigo umehamishwa tu kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, na njiani mtu mmoja ameharibika.

Kwa hiyo wajibu ni wa wote. Wakristu wasemao kwamba lutuku ni mbaya, na wamsaidie mama huyo kupata kazi nyingine: kuuza munkoyo mpya, mboga au samaki, na kuingia katika likelemba pamoja na wanawake wenzake ili apate mtaji. Serikali nayo ina sehemu yake. Nchini Tanzania, tangu tarehe 1 Machi 2017, ilikatazwa kuuza pombe kali katika vile vifuko vidogo vya bei ndogo vilivyoitwa viroba, kwa sababu hata wanafunzi waliweza kuvinunua na kuvificha mfukoni. Sheria kama hiyo husaidia. Lakini sheria bila kazi na bila upendo hulihamisha pipa tu, kutoka kando ya njia hadi porini.

VI. Swali la jirani

Mulungwishi yajulikana sana kwa shule za Kanisa la Metodisti, na chuo kikuu chao cha Katanga kiko huko. Wametodisti wengi wa nchi hii hawanywi pombe kabisa. Basi mkatekumeni huulizwa na jirani yake, "Mbona ninyi Wakatoliki mnakunywa?" Hujaribiwa kumjibu kwa mzaha, au kwa kujivuna kwamba yeye yu huru.

Jibu la kweli ni hili. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba divai na pombe si vitu viovu kwa asili yake. Bwana Yezu aligeuza maji kuwa divai arusini Kana, na divai hutumika katika Misa. Uovu ni kupita kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaliweka jambo hili chini ya amri ya tano, ile ikatazayo kuua: fadhila ya kiasi yaamuru kuepa kupita kipimo katika chakula, pombe, tumbaku na dawa, na mtu ahatarishaye maisha yake au ya wengine barabarani kwa sababu ya ulevi amekosa sana. Juu ya madawa ya kulevya yafundisha kwamba kuyatumia ni kosa zito, isipokuwa kwa matibabu ya kweli. Na kuyatengeneza kwa siri na kuyauza ni kushiriki katika uovu mkubwa.

Basi uhuru wa Mkatoliki si ruhusa ya kulewa. Tena kwa yule ambaye glasi moja humwita ya pili na ya kumi, kiasi chake ni kutokunywa kabisa. Mtu huyo akimwona jirani yake Mmetodisti akikataa glasi, asimcheke. Amwige, amshukuru kwa mfano mwema.

VII. Njia ya kurudi

Mjini Dublin, nchini Ireland, alizaliwa mwaka 1856 mtoto maskini aitwaye Matt Talbot. Akiwa na miaka kama kumi na miwili alianza kazi katika ghala la pombe, na huko alijifunza kunywa. Kwa miaka mingi mshahara wake wote uliishia katika nyumba ya pombe. Siku moja ya mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na fedha. Alisimama mlangoni akitumaini kwamba wenzake, ambao yeye aliwanywesha mara nyingi, watamnywesha. Walipita mmoja mmoja, wala hakuna aliyemkaribisha. Alirudi nyumbani kwa mama yake, akaenda kwa padri, akatoa ahadi ya kutokunywa. Hakuahidi maisha yote, bali miezi mitatu tu. Miezi hiyo ilikuwa migumu sana. Ilipokwisha akaahidi tena, na mwisho akaahidi mpaka kufa. Aliishi kama mfanyakazi wa kawaida miaka 41 bila kunywa tena, akalipa madeni yake, akafa tarehe 7 Juni 1925 akiwa njiani kwenda kanisani. Mwaka 1975 Kanisa lilitamka kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa.

Katika habari hiyo yamo mambo matatu. Kwanza, alikiri. Pili, hakuwa peke yake. Tatu, alichukua ahadi ndogo aliyoweza kuibeba, kisha akaongeza.

Yafaa kuongeza la nne, ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe waweza kushtuka kwa kuikosa: mikono hutetemeka, jasho hutoka, mtu huona vitu visivyokuwapo, huanguka degedege, na pengine hufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali au kwenye kituo cha afya, ili aache akilindwa na waganga. Kuacha kilevi ni jambo la moyo, na ni jambo la mwili pia. Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili imewapa watu waliofungwa na heroini dawa iitwayo methadoni, wainywe mbele ya wauguzi, na wengi wamerudi kwa jamaa zao. Hakuna aibu katika kutibiwa.

Na jamaa wafanye nini? Maandiko Matakatifu yasimulia kwamba Noe alipanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi ndani ya hema. Mwanawe Kamu alimwona, akatoka kuwasimulia ndugu zake. Lakini Semu na Yafeti walichukua vazi, wakaenda kinyumenyume wasije wakaona aibu ya baba yao, wakamfunika. Katika kila kijiji wako akina Kamu, wenye kusimulia na kucheka. Wako pia akina Semu na Yafeti. Kumfunika mlevi si kumficha ili aendelee kunywa, wala kumpa fedha, wala kulipa madeni yake ya pombe. Ni kumtendea kama mtu, kumwambia ukweli akiwa hajalewa, na kuwalinda mke na watoto wake asiwapige.

Yule mchimbaji alikaa kimya mbele ya katekista, kisha akasema, "Mwalimu, sijui nianzie wapi." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli. Mjomba wake na katekista walimpeleka hospitali ya Likasi. Alitetemeka siku nne. Aliporudi aliliacha kundi la shimoni, akaanza upya kuchoma makala na shemeji yake. Mkewe alitunza fedha zote. Pasaka ile wenzake walibatizwa, naye alibaki amesimama nyuma ya kanisa pamoja na wenye kutazama. Alianguka mara moja katika mwezi wa Agosti. Alikwenda mwenyewe kumwambia katekista kabla watu hawajamwambia. Pasaka iliyofuata aliitwa mbele. Padri aliuliza, naye akajibu, "Nakataa." Watoto wake wanne walisikia sauti ya baba yao, nao hawakukimbia.

Maswali ya kujikumbusha

S. Kilevi ni nini?
J. Kilevi ni kitu kinachogeuza akili ya mtu na kumwondolea uwezo wa kujitawala, kama vile lutuku, bangi, kokeni na vidonge vinavyomezwa bila mganga.

S. Kunywa pombe ni dhambi?
J. Kunywa kwa kiasi si dhambi. Kulewa kwa kusudi ni dhambi. Na anayejua kwamba hawezi kujizuia yampasa kuacha kabisa.

S. Alkoholi huanza kuharibu nini?
J. Huanza kulaza akili ipimayo jema na baya, miguu hufuata.

S. Kwa nini kilevi huongezwa kipimo siku kwa siku?
J. Kwa sababu ubongo hukizoea, na furaha za kawaida hupoteza ladha yake.

S. Mtu aliyekunywa akianza kuona ukungu machoni afanyiwe nini?
J. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana yawezekana amekunywa sumu.

S. Mlevi wa miaka mingi aacheje?
J. Akiri hali yake, aombe msaada wa Mungu na wa watu, aache akilindwa na waganga, atoe ahadi ndogo, na akianguka ainuke tena.

S. Yatupasa kumtendeaje mlevi na mama apikaye lutuku?
J. Tusiwacheke wala kuwalaani, bali tuwaambie ukweli, tuwalinde watoto, na tuwasaidie kupata njia nyingine ya kuishi.

S. Kwa nini mkatekumeni ajilinde na kilevi?
J. Ili siku atakapoulizwa, aweze kujibu kwa neno lililo lake.